Nywila ya msimamizi haipitishwi mkononi kama kalamu

Juni iliyopita, wiki ya mwisho ya kujaza ritani za KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, foleni ya saiba yetu hapa Kondele, Kisumu, ilifika mlangoni. Kompyuta tatu zikagoma kufungua iTax, tovuti ya kujazia ritani hizo. Kivinjari kilidai cheti cha tovuti hakijaanza kutumika. Tulihangaika karibu saa nzima kabla ya kugundua kwamba mtu alikuwa amerudisha tarehe za kompyuta hizo nyuma miaka miwili, labda ili programu ya majaribio iliyokwisha muda iendelee kufanya kazi. Nani? Kumbukumbu za mfumo zilionyesha amri yenyewe, lakini jina lilikuwa la akaunti moja tuliyoitumia sote.

Hayo niliyataka mwenyewe. Printa inakwama, mhudumu anaomba nywila aiwashe upya, wateja wanalalamika, unampa. Mwezi haujaisha, hata mwanafunzi wa atachimenti anaijua.

Ilhali dawa imo ndani ya Linux yenyewe, mfumo unaoendesha kompyuta zetu: ni programu iitwayo sudo. Sudo ilianzishwa mwaka 1980 hivi na Bob Coggeshall na Cliff Spencer katika chuo kikuu kimoja cha Buffalo, Marekani, na uwezo wake mkubwa ni kumruhusu mtu amri fulani bila kumkabidhi nywila ya msimamizi mkuu. Sasa kila mhudumu wetu ana akaunti yake, na kwa sudo anaweza kuwasha upya huduma ya printa, basi. Ruhusa hizo naziandika kwa visudo, programu ya kuhariri faili la ruhusa liitwalo sudoers, kwa sababu hukagua makosa kabla ya kuhifadhi. Kosa dogo kwenye faili hilo linaweza kukufungia nje wewe mwenyewe.

Hapa wengi huteleza: wanamruhusu mtu afungue vim, programu ya kuhariri maandishi, kwa sudo "arekebishe faili moja tu". Ndani ya vim mtu anaweza kuita sheli, yaani sehemu ya kuandikia amri yoyote, na sheli hiyo ina mamlaka yote ya msimamizi mkuu. Aliomba ufunguo wa stoo, umempa wa nyumba nzima. Kazi hiyo ina sudoedit, inayomruhusu mtu kuhariri faili hilo tu bila kumpa mamlaka hayo.

Dada wa zamu ya jioni aliumia nilipobadilisha mambo. "Kwani bosi, mimi ni mwizi?" Nilimwelewa. Nikamkumbusha siku ile ya Juni, jinsi tulivyotazamana kwa shaka, na yeye akiwa miongoni mwa walioshukiwa bila kosa. Kwa akaunti yake, kumbukumbu zinaweza kumtetea.

Limebaki jambo moja ambalo bado tunavutana. Ubuntu, toleo moja la Linux, ukishaandika nywila ya akaunti yako kwa ajili ya sudo, haikuulizi tena kwa dakika 15 katika dirisha lilelile la amri. Kwenye saiba, ambako mhudumu huinuka kila mara kumsaidia mteja, dakika hizo ni nyingi mno. Nimeziweka sifuri. Wananung'unika, lakini sitazirudisha.