Steringi naye analia: muvi za vita na uanaume wetu

Juzi barazani hapa Ngamiani kijana mmoja kasema vijana wa Tanga wamekuwa laini kwa sababu hawaangalii tena muvi za vita, wanashinda kwenye tamthilia za mapenzi, na kwamba sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza ndo tulifunzwa uanaume na uzalendo. Nimelala nalo hilo jambo.

Ukweli upo, sikatai. Banda la bati, mabenchi ya mbao, joto la kufa mtu, tivi moja ndogo na deki inayokwama, halafu Rambo, steringi wetu, anachomoka kwenye tope na kisu mkononi, banda zima linalipuka kwa kelele. Tukitoka pale tunatembea kifua mbele. Mtoto asiye na kitu akiamini kwamba mnyonge naye anaweza kusimama, hilo sio dogo. Mpaka mifuko ya plastiki tuliiita rambo, hadi ilipopigwa marufuku 2019.

Ila ukubwani nikaja kuiangalia ile muvi ya Rambo ya kwanza kabisa, ya 1982, na mwisho wake jamaa analia. Analia kweli, mbele ya kanali wake, anasimulia rafiki yake aliyelipuliwa na bomu kule Saigon, maneno yanamkatikia mdomoni. Sisi tulishika ile ya 1985, anaporudi Vietnam kukomboa mateka, anashinda peke yake vita ambayo nchi yake ilishindwa. Ndani ya miaka mitatu machozi yametolewa, misuli imeongezwa. Taifa lilikuwa na aibu yake likajitibu kwa muvi, siwalaumu, kila taifa linahitaji kujisimulia. Kinachoniuma ni sisi, tulivyokuwa tunashangilia Mvietnam akifa, na yule Mvietnam alikuwa kwao, anapigania kwao kama Abushiri alivyopigania pwani hii dhidi ya Mjerumani.

Basi wengine wanasema tutengeneze zetu, na mi nipo upande huo. Vita tunayo hapahapa Tanga, Novemba 1914, Mwingereza kashusha watu kama 8,000, wengi wao Wahindi, wanaomngoja ni kama 1,000 tu, wengi askari weusi wa jeshi la Mjerumani, nyuki wakavurugwa na risasi wakauma kila mtu, Mwingereza akarudi melini kaacha bunduki na shehena ya risasi. Muvi tamu hiyo. Sasa niambie steringi nani? Mzungu ataifanya ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Sisi tukimweka yule askari mweusi, shujaa kweli, lakini anapigana chini ya bendera ya waliomnyonga Abushiri pale Pangani 1889, miaka 25 tu nyuma. Hapo "sisi" ni kina nani? Na wapagazi waliobebeshwa mizigo vita nzima, wakafa njiani kwa njaa na maradhi maelfu kwa maelfu, nani atawapa hata dakika tano, maana kubeba gunia la chakula hakuonekani uanaume.

Mi naona tatizo la hizi muvi sio bunduki, ni yule mtu mmoja. Kauli ya vita ambayo kila Mtanzania anaijua ni ya Mwalimu Nyerere 1978, vita ya Kagera na Idi Amin, sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Ni tunayo, sio ninayo. Tulivyoingia Kampala Aprili 1979 hakuingia Rambo.

Baba yangu mdogo alikuwepo vita ile. Alichokuwa anasimulia kila mara ni usiku mmoja wa mvua, miguu imemvimba ndani ya buti, mwenzake akamvua zile buti taratibu akamkanda mpaka akapata usingizi, basi. Mi mtoto nimetoka kibandani namuuliza, kwani baba mdogo wewe hukupiga mtu? Ananiangalia, halafu anaendelea kumenya chungwa lake, ananikatia kipande. Nilikuwa naona hadithi yake haina steringi. Leo wakitengeneza muvi ya Kagera ikakosa zile buti mi sitaikubali, hata wapige mabomu mangapi.