Gereji ya Mabatini imefungwa: tulie au tushukuru?

Jumamosi iliyopita fundi wangu kanipigia simu, nikajua ni yale yale ya "bosi ile spea imepanda", kumbe anasema pita kabla ya saa kumi tunaagana. Gereji yao iko Mabatini, hapa Mwanza, au niseme ilikuwepo, kule nyuma upande wa mto Mirongo, chini ya mwembe, magari 15 hivi yamebanana na nusu yake hayajawahi kusogea toka nimeanza kwenda pale. Mwenye kiwanja alifariki, watoto wake wanataka kujenga fremu za maduka, mafundi wakapewa miezi mitatu wahame na miezi imeisha. Hamna kesi hamna ugomvi.

Nimewakuta mafundi sita wameoga (aisee sijawahi kuwaona wasafi vile, mmoja nilimpita sikumtambua), kreti mbili za soda, mama ntilie wao kapika sato, na mzee mkuu wa gereji kakaa kwenye siti ya Hiace iliyong'olewa zamani, mkononi ana kaunta buku lake. Humo ndani kila gari lina ukurasa. Anamwita mteja, anamsomea gari lake, anachana ukurasa anampa. "Mama, Noah yako mkanda wa taimingi nilibadili ikiwa imesoma kilometa laki mbili na kumi, ikikaribia laki tatu usisubiri, ukikatika njiani utanikumbuka." Mama wa watu anafuta macho kwa kanga. Na madeni yamo humo humo, yanasomwa kwa sauti mbele za watu, langu lilikuwa elfu 35 toka mwezi wa tatu, nimelipa huku naangalia chini.

Sasa toka siku hiyo nimebishana na watu wawili watatu kuhusu hili jambo, maana kuna wanaolia kweli na kuna wanaosema afadhali, na ukiwasikiliza wote wana hoja.

Anza na wanaolia. Kuna jamaa ana Canter anabebea dagaa kutoka Mwaloni Kirumba, anasema gari lilimzimikia barabara ya Magu saa sita usiku, akapiga simu, fundi akaja na bodaboda kapakata alteneta mapajani kama mtoto, wakafunga kwa tochi ya simu, hela akalipa baada ya mzigo kuuzwa. Niambie yadi gani ya kisasa yenye risepsheni na viyoyozi itakufanyia hivyo. Kwenye yadi hizo unaingiza gari unaandikiwa makadirio, unalipa nusu kwanza. Mtu wa mshahara ataweza, mtu ambaye hela yake inategemea dagaa wamevuliwa au mwezi unawaka (mwezi ukiwaka dagaa hawavuliki) atafanyaje? Gereji ya mwembe kwa watu kama huyu ilikuwa benki, tena benki isiyotaka hati ya nyumba.

Halafu lile daftari. Magari yetu haya karibu yote ni mtumba wa Japani, IST, Passo, Probox, Spacio, yanakuja na maisha yake ambayo hatuyajui, na yakishafika hapa historia pekee yanayopata ni ya fundi wako. Yeye ndo anajua kwamba ile bushi ya kulia alifunga ya bei rahisi kwa sababu ulimwambia huna hela. Ukihamia kwa fundi mwingine anaanza kubahatisha, na kubahatisha kwake unalipia wewe.

Lakini sasa. Dada mmoja nafanya naye kazi, alikuwa mteja pale na aligoma kabisa kwenda kuaga. Vitz yake ina gia boksi ya CVT, ile haina gia za kupanda moja baada ya nyingine, ndani kuna mkanda wa chuma unaotembea kati ya puli mbili, na oili yake ni ya kwake peke yake. Wakamwekea ATF, oili ya gia boksi za otomatiki za kawaida, kwa sababu "gia boksi ni gia boksi dada yangu, tumeanza kazi hii wewe hujazaliwa". Haikumaliza miezi miwili ikaanza kuvuma kama mashine ya kusaga, mwisho ikagoma kupanda mlima wa Bugando. Risiti hana, gwarantii hana, akienda kulalamika anapewa pole na soda. Ule ukaribu wa kukopeshana ndo huo huo unakufunga mdomo, maana utamshtakije mtu ambaye una deni lake?

Na mimi nisijifanye mtakatifu, IST yangu ilikuwa inachemsha, mzee akatoa themostati akaniambia hii kitu ni ya nchi za baridi, Mwanza haina kazi. Nikaamini miaka mitatu! Juzi juzi ndo naelewa kwamba themostati inakaa imefunga mpaka maji yafike nyuzi 82 hivi ndo inafungua, ukiitoa injini inachelewa kupata moto, kompyuta ya gari inadhani bado asubuhi inaendelea kumwaga petroli, na wewe unabaki kulaumu bei ya mafuta. Tatizo lenyewe lilikuwa rejeta imejaa kutu kwa sababu tulikuwa tunaweka maji ya bomba badala ya kulenti, yale maji maalum ya rejeta. Kwa hiyo kuchemsha kuliisha, ila ugonjwa haukutibiwa.

Kubwa kuliko yote kwangu mimi ni oili chafu. IST inatoa lita 3 na nusu hivi kila ukibadilisha, chukua gari kumi kwa wiki, hizo ni ndoo mbili za lita 20 karibu zijae. Nyingine wanakuja kununua mafundi wa paa wanapaka mbao mchwa wasile, sawa, inayobaki inaenda mtaroni, mtaro unaingia Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani. Maji ya jiji letu tunavuta ziwani humo humo, Capri Point na siku hizi na Butimba. Mvua kubwa ikipiga, Mabatini inafurika na yale madimbwi yanang'aa rangi rangi, watoto wanacheza humo. Hapa sina utetezi wowote, hata kwa mapenzi yangu yote kwa mzee.

Kwa hiyo nasimama wapi? Naona pale hapakuwa mahali pa gereji, kando ya mto, na hilo lingefaa kusemwa miaka mingi nyuma siyo kusubiri fremu ndo ziseme. Ila wanaoshangilia kana kwamba mafundi wabaya wamefutika wanajidanganya, maana fundi hafungwi na kiwanja, anabeba boksi la spana anaenda kufungua chini ya mti mwingine, na ataweka ATF ile ile. Wawili wa pale wanaenda Usagara, na hesabu yao siyo mbaya, tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe mwezi wa sita 2025 mtu wa Sengerema hasubiri tena kivuko, anavuka kilometa 3 za daraja na kwa muda mfupi yuko Usagara.

Wanaoniuma ni wale vijana. Mmoja kakaa pale miaka minne, anashusha injini peke yake, cheti hana hata cha kuosha gari. VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti cha ujuzi alionao, na huko huko angesikia habari za CVT. Nilipomwambia alicheka, akasema "kaka, wiki moja nisipofanya kazi nitakula cheti?" Sikuwa na jibu. Tulikaa pale wateja zaidi ya ishirini, wengine na magari ya milioni kumi na tano, hata mmoja wetu hakuwahi kuwaza kumchangia huyu dogo ada, ila kumpunja elfu tano ya ufundi tulikuwa hodari.

Wakati naondoka mzee kanipa ukurasa wangu, akasema wabeja sana, yaani asante sana kwa Kisukuma, akaingiza mkono kwenye kopo la Blue Band akatoa themostati yangu. Alikuwa ameitunza! "Ukipata fundi anayeitaka mwambie airudishe." Imeoza kutu, hairudi popote, nitanunua mpya.

Bushi za mbele zinagonga toka Jumatano. Yule dogo kanipigia jana, yuko Buhongwa, anasema mti upo, umeme anavuta kwa jirani, nikamuuliza oili chafu unaweka wapi, akanyamaza kidogo, akasema ngoja kaka nitafute pipa.