Sentimita nane za Olijars

Fainali ya Olimpiki ya mita 110 kuruka viunzi, Athens, Agosti 2004, wengi wetu tunaikumbuka kwa jina moja: Liu Xiang wa China. Ni haki yake. Alikimbia kwa sekunde 12.91 na kuifikia rekodi ya dunia iliyowekwa na Colin Jackson wa Uingereza mwaka 1993. Lakini mimi nikiitazama tena mbio ile, macho yangu humfuata Staņislavs Olijars wa Latvia.

Yasome matokeo taratibu. Wa tatu, Anier García wa Kuba, 13.20. Wa nne, Maurice Wignall wa Jamaika, 13.21. Wa tano, Olijars, 13.21. Shaba ilimponyoka kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Kwa mwendo ule, hizo ni sentimita nane hivi, upana wa kiganja.

Nakereka sana nikisikia kwamba huyu "hakupata kitu" Olimpiki. Viunzi ni kumi, kila kimoja kina kimo cha sentimita 106.7, na kati ya kimoja na kingine kuna mita 9.14 ambazo mkimbiaji huzimaliza kwa hatua tatu tu. Ukikigonga kimoja, hatua zinazofuata zote zinavurugika. Usiku uleule Ladji Doucouré wa Ufaransa alikuwa akiwania medali hadi karibu na mwisho, akagonga viunzi, akaishia wa nane. Olijars alivivuka vyote kumi na kufika na kundi la medali. Huko ni kukosa nini?

Tena mwaka mmoja kabla alikuwa amekimbia 13.08. Medali ya fedha ya Athens ilichukuliwa na Terrence Trammell wa Marekani kwa 13.18. Hilo linaniuma kana kwamba ni ndugu yangu.

Kocha wake alikuwa mama yake mzazi, Ludmila, naye mruka viunzi wa zamani. Mwaka 1998 kijana alitwaa ubingwa wa dunia wa vijana, na mwaka 2000 akawa bingwa wa Ulaya wa mita 60 viunzi, mashindano ya ukumbini, mjini Ghent. Hayo yote akiiwakilisha nchi ndogo ambayo sifa yake kubwa katika riadha ni mkuki. Hata Athens, medali ya Latvia uwanjani humo ililetwa na mrusha mkuki, Vadims Vasiļevskis.

Mbio ninayoipenda zaidi, hata hivyo, ni ya ubingwa wa Ulaya. Munich, 2002: Jackson, akiwa na miaka 35, alitwaa taji lake la nne mfululizo, na aliyemfuata mgongoni alikuwa Olijars. Miaka minne baadaye, Göteborg, Jackson alikuwa ameshastaafu na kiti kiko wazi. Olijars alimaliza kwa 13.24. Mjerumani Thomas Blaschek alifika wa pili, sekunde 0.22 nyuma yake. Hapo hapakuwa na cha kupima kwa kiganja.