Waipa zinakufa wakati wa jua, sisi tunakuja kujua wakati wa mvua

Kuna jioni moja ya mwezi wa tano mpaka leo nikifunga macho naiona. Ilikuwa kama saa kumi na mbili na nusu hivi, natoka Mtwapa narudi Bamburi, mawingu yameshuka meusi ti tangu Shanzu, na mvua ilipoanza haikubisha hodi, ni ile mvua ya Mombasa inamwagwa kama mtu amepindua pipa. Nikawasha waipa. Ile ya upande wangu ikapanda, ikapaka kioo chote utando kama mafuta ya nazi, ikashuka, ikazidisha utando. Taa za trela iliyokuwa inakuja zikawa madonge ya mwanga tu, huoni trela inaanzia wapi inaishia wapi. Nilipunguza mwendo lakini sikusimama manake nyuma yangu kulikuwa na matatu inanipigia honi kama vile mimi ndo nimeileta hio mvua, na hapo hapo nikaona kitu chekundu mbele ya boneti. Leso. Mama amejitanda leso yeye na mtoto wake, wameshikana mikono, wanavuka mbio.

Nilikanyaga breki gari ikateleza kidogo ikasimama. Yule mama alinitazama mara moja tu, akamvuta mwanawe wakaenda zao. Walikuwa karibu sana, yaani ningekuwa na kioo safi ningelisoma jina la ile leso.

Nikaegesha pembeni, nikakaa pale mpaka mvua ikapungua, mikono inatetemeka. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa najua. Zile raba zilikuwa na miaka miwili, zilikuwa zinalia tangu mvua za vuli, kila nikisema ntanunua, jua likiwaka nasahau. Jozi mpya niliinunua kesho yake kwa shilingi 800. Mia nane!

Kwa hivyo naandika hii kabla masika hayajafika, manake naona tatizo letu watu wa Mombasa liko hapo, tunafikiria waipa ni kitu cha mvua. Sio kweli. Waipa kwetu inauawa na jua. Januari mpaka Machi, kaskazi inavuma, gari imeegeshwa nje kutwa, kioo kina moto huwezi kuweka mkono, na ile raba imelala juu yake hapo hapo, masaa na masaa. Ongeza chumvi ya bahari, ongeza vumbi. Raba inakauka, inakuwa ngumu, inapasuka nyufa ndogo ndogo ambazo huzioni mpaka uiinue uitazame kwa karibu. Halafu Aprili mvua ikija unaiamsha maiti unaiambia ifanye kazi. Na Mei ndo mwezi wetu wa mvua nyingi kuliko yote, sasa fikiria.

Hata gari mpya mpya zinazotoka Japan msijidanganye. Ile gari imetumika miaka huko, ikapanda meli, ikashuka bandarini, ikakaa yadi juani pengine wiki kadhaa mpaka mwenyewe amalize makaratasi. Watu wanaikagua injini, wananusa viti, wanafungua buti, mtu wa kugusa raba ya waipa simuoni.

Fundi wangu mmoja pale Kisauni alinifundisha vile hii kitu inavyofanya kazi nikashangaa nimeendesha miaka yote hio bila kujua. Ile raba ina mdomo mwembamba sana. Waipa ikipanda ule mdomo unalala upande mmoja, ikishuka unageuka unalala upande wa pili, ndo unakokota maji. Raba ikiwa ngumu haigeuki, ndo inaanza kuruka ruka na kulia grrr grrr, inaacha mistari. Kwa hivyo ukisikia kelele usiongeze sauti ya redio, hio ni raba inakwambia imekufa. Wakati mwingine lakini raba iko sawa, ni mkono wa waipa ule wa chuma, springi yake imelegea haibani kioo vizuri, hasa katikati kunabaki pahali hapafutwi, na kwa bahati mbaya huwa ni pale pale kwenye macho ya dereva. Ukibadilisha raba peke yake hapo umetupa pesa. Na upime urefu kabla ya kununua, gari nyingi ya kulia na ya kushoto hazilingani, ukiweka ndefu zinagongana.

Kuzijaribu ni rahisi, huhitaji mvua. Asubuhi kabla ya jua kuwa kali mwagia kioo maji, washa, angalia. Pitisha kidole kwenye ule mdomo, kikikwaruza au kikitoka cheusi kama masizi, futa kwanza na kitambaa na spiriti manake saa zingine ni uchafu tu, ikiendelea nunua. Na tafadhali muache huu mtindo wa kuwasha waipa kioo kikavu ili itoe vumbi! Lile vumbi ni mchanga, unasugua kioo na msasa, ile mikwaruzo ndo usiku inavunja taa za watu vipande vipande machoni mwako. Mtungi wa maji ya waipa ujazwe, tena maji ya sabuni kidogo, sababu ukipita nyuma ya malori kuanzia Changamwe mpaka Miritini kule kioo kinapata moshi wa dizeli na mafuta, maji matupu hayatoi, yanasambaza.

Kitu kingine cha kwetu ni ukungu. Huu mji una joto na unyevu, mvua ikinyesha tunafunga vioo, mko watu watano ndani mnapumua, kioo kinapata ukungu dakika mbili tu. Watu wanafuta na mkono, wanaacha alama za vidole. Washa esi, elekeza upepo kwenye kioo, na ile batani ya kuzungusha hewa ya ndani uizime uchukue hewa ya nje, esi inakausha hewa, ukungu unaondoka. Ila kuna ule ukungu mwingine unaokuwa upande wa nje wa kioo, huo unatokea esi ikiwa baridi sana na nje kuna fukuto, kioo kinatoa jasho kama chupa ya soda. Huo unafuta mpaka uchoke kwa ndani na hauondoki, dawa yake ni waipa na kupunguza ile baridi inayopiga kioo. Nimeona watu wanapata wasiwasi katikati ya daraja la Nyali wakidhani macho yao yameharibika.

Sasa ukishaona, kuna kuendesha. Hapa ntasema wazi hata kama mtu atakasirika.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndo mbaya kuliko zote. Barabara imekaa miezi inakunywa oili na dizeli ya malori na vumbi, yakija manyunyu ya kwanza yale yote yanapanda juu, lami inakuwa kama sahani ya biriani haijaoshwa. Wengi tunaogopa mvua kubwa, tunadharau manyunyu. Yaogope manyunyu. Ukitoka Kibarani ukaelekea mzunguko wa Changamwe na malori pande zote, huko ndo usimkaribie mtu.

Ukienda kilomita 50 kwa saa unameza karibu mita 14 kila sekunde. Waipa mbovu ikipanda mara moja na kushuka inaweza kuwa sekunde imepita, yaani mita 14 umeendesha kipofu, urefu wa mabasi mawili madogo hivi yamefuatana. Kanuni za barabarani za Uingereza zinasema kwenye maji umbali wa kusimama unakuwa angalau mara mbili ya ule wa pakavu, na sekunde mbili unazoacha kati yako na gari ya mbele zifike nne. Chagua mlingoti wa stima, gari ya mbele ikiupita anza kuhesabu elfu moja na moja, elfu moja na mbili, mpaka nne. Ukifika mlingoti kabla hujamaliza uko karibu mno. Najua Mombasa ukiacha nafasi tuktuk inaingia. Iache iingie, rudi nyuma tena kidogo. Umechelewa sekunde nne, basi.

Na hizi hazadi jamani, zile indiketa za pande zote mbili zinazowaka pamoja. Sijui nani alitufundisha kwamba mvua ikinyesha unawasha hazadi na kuendelea kukimbia. Gari zote zinawaka wakawaka wakawaka, aliyeharibikiwa amesimama simjui ni yupi, anayetaka kukata kulia simjui, manake hazadi ikiwaka indiketa yake siioni. Hazadi ni ya aliyesimama au anayetoa onyo la ghafla. Mvuani washa taa za kawaida, dimu, usiweke fulu manake fulu inapiga matone inakurudishia mwanga mwenyewe. Na washa hata mchana, sio ili uone, ni ili uonekane na yule wa boda aliyejifunika koti la plastiki mpaka machoni.

Tairi vipara sitazungumza sana, kila mtu anajua na kila mtu anajifanya hajui. Zile njia kwenye tairi kazi yake ni kutoa maji, zikiisha tairi inapanda juu ya maji kama ngalawa, usukani unakuwa mwepesi ghafla. Ikikutokea usikanyage breki kwa nguvu, usikate usukani, toa mguu kwenye mafuta polepole mpaka uhisi tairi imeshika lami.

Halafu maji yaliyotuama. Novemba 2023 tuliona, barabara ziligeuka mito na watu bado wanajaribu kupita sababu mwenzake amepita. Maji ya sentimita 30 yanaweza kuanza kuinua gari ndogo, yakifika 60 hata gari kubwa yanaibeba. Sentimita 60 ni chini ya kiuno cha mtu mzima, sio kina cha kuogopesha ukikitazama, ndo maana yanatudanganya. Na chini hujui kuna shimo au mtaro umebebwa kifuniko. Injini ikinywa maji hapo ushaingia gharama ambayo raba za waipa ungenunua mpaka wajukuu.

Mimi neno langu kubwa ni hili, ukiwa huoni simama. Sio punguza. Simama, mahali salama, nje ya barabara kabisa, petroli stesheni, mbele ya duka, popote, hapo ndo uwashe hizo hazadi zako. Mvua zetu kubwa hazikai sana, nyingi nusu saa imelegea. Mimi tangu ile jioni nasimama, na huwa naona wenzangu wananipita wananitazama kama nimeharibikiwa. Na wewe abiria una mdomo, ukipanda matatu mvua inanyesha na dereva ameinama pua karibu iguse kioo anatafuta barabara, mwambie makanga nishushe. Nauli haikununui.

Wiki iliyopita nilisoma hadithi ya mama mmoja wa Alabama huko Marekani, Mary Anderson. Alikuwa New York wakati wa baridi, akaona dereva wa tramu anafungua kioo cha mbele ili aone njia sababu ya barafu na mvua, abiria wote wanaganda. Akaenda akachora kifaa cha mkono na raba, dereva anakizungusha akiwa ndani. Hati yake ya kumiliki huo ubunifu, ile patenti, ilitoka Novemba 1903, na kampuni aliyoipelekea ikamwambia haioni hii kitu ina thamani ya kibiashara. Hati ikaisha muda wake bila yeye kupata faida, na sasa kila gari duniani ina waipa. Nilisoma hio nikawaza yule kijana wa tuktuk niliyemuona Kongowea, mvua inapiga, mkono mmoja ameshika usukani, wa pili ameutoa nje na kitambaa anafuta kioo, nyuma amebeba wanafunzi watatu. Miaka 120 na zaidi baadaye, na kazi ni ile ile ya yule dereva wa tramu.

Hio picha ndo ilinifanya Ijumaa niende kuangalia ile van inayobeba mwanangu kwenda skuli. Nilimsubiri dereva asubuhi, ni mtu mzima, namheshimu, nikamwamkia shikamoo mzee, nikamuomba anisamehe, nikainua waipa. Raba ya upande wake ilikuwa imechanika inaning'inia. Akaniambia, "Mama, mvua si bado." Nikamwambia mzee wangu, ndo nimekuja kabla haijaja, nikamhadithia ile leso nyekundu, yote, nikiwa nimesimama pale getini na watoto wanapanda. Hakunijibu kitu. Alifunga mlango wa van, akaondoka polepole.

Jumatatu alipofika alipiga honi mara mbili, sio kawaida yake. Nilipotoka nje alikuwa amewasha waipa, kioo kimemwagiwa maji, anatazama zinavyopanda na kushuka bila sauti.