Skrepu Tunaigombania, Nikeli Tunaimwaga

Januari 2022 serikali ya Kenya ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya waliokuwa wakihujumu milingoti ya umeme, na Mei ikaifungua tena. Tulibishana sana kuhusu wenye mikokoteni. Sikumsikia mtu akiuliza habari za madini yanayotoka Eneo la Viwanda la Nairobi yakiwa yameyeyuka majini.

Pita kwenye karakana za kuchovya nikeli, zinazovisha vyuma ganda la madini hayo ya kung'aa. Kipini cha mlango kinatolewa kwenye dawa, kinasuuzwa kwenye pipa, pipa likichafuka mara nyingi linaishia mtaroni. Maji yale huwa na ukijani. Ukijani huo ndio nikeli yenyewe, na fundi aliinunua kwa pesa zake. Yakiwa ya manjano, hiyo ni kromu, tena ile kali inayoleta saratani.

Cha kuinasa nikeli tunacho, na kwenye mitambo ya kusafisha majitaka ya Ruai na Kariobangi hakikosekani: tope la majitaka. Lifungie kwenye tangi lisilopata hewa, poza asidi ya maji kwa chokaa (bila hivyo bakteria wanakufa), kisha yapitishe humo. Bakteria wanakula uozo, na mahali pa oksijeni wanavuta salfeti (chumvi yenye salfa), ambayo kwa kawaida imo tayari, kwani dawa ya nikeli hutengenezwa hasa kwa salfeti ya nikeli. Wanachotoa ni ile gesi inayonuka yai viza. Ikikutana na nikeli, shaba au risasi, madini yanageuka unga mweusi na kuzama. Unachota, unakausha, unatafuta mnunuzi. Kromu haifuati njia hiyo. Tope huipunguzia ukali tu, ikatuama chini. Na gesi hiyo inaua, kwa hiyo si kazi ya chumba kisicho na dirisha.

Kiwanda cha zinki cha Budel, Uholanzi, kilianza kutumia bakteria wa aina hii 1992 kusafisha maji ya ardhini yaliyochafuka, na zinki inayonaswa hurudishwa kiwandani.

Ninaopingana nao ni wanaosema tungoje yote yafike Ruai tuchuje huko. Huko nikeli ya karakana imeshachanganyika na choo cha mji mzima, haichoteki kwa faida, na tope ambalo lingekuwa mbolea limeshaingia sumu. Kuna sukuma wiki inayomwagiliwa majitaka Nairobi hii, na tunaila. Tope ndilo lipelekwe kwa fundi.

Hesabu nayo isipambwe. Fundi mmoja tangi litamshinda. Wa mtaa mmoja wakichangishana, hasa wa nikeli na shaba, kuna cha kuzungumza. Viwanda vya ngozi ni habari nyingine. Kromu yao haina bei ya kumtoa mtu nyumbani, kwa hiyo hao sitawabembeleza kwa faida. Hao NEMA, mamlaka ya mazingira, iwapimie maji mlangoni, kabla hayajaingia bomba la umma.