Asilimia ngapi? Inategemea nani anasikiliza

Mjadala wa idadi ya watu wanaovutiwa na jinsia yao huenda vilevile kila unapozuka: huyu anataja asilimia 10, yule anamcheka na kutaja 2 au 3, na kila mmoja ana utafiti wake mkononi.

Ile 10 haitatuchukua muda. Ilitoka kwa Alfred Kinsey, mtafiti wa tabia za ngono wa Marekani, mwaka 1948, na hata yeye hakusema kinachosemwa kwa jina lake. Alichosema ni kwamba mwanaume mmoja mweupe kati ya kumi, katika umri wa miaka 16 hadi 55, aliwahi kupitia walau miaka mitatu ya mapenzi na wanaume tu, au karibu wanaume tu. Waliokuwa hivyo maisha yao yote aliwaweka kwenye asilimia 4. Tena sampuli yake haikuchaguliwa kwa bahati nasibu, na wafungwa walikuwamo si haba. Wanaoikataa namba hiyo wana haki yao.

Ninapoachana nao ni pale wanapoichukua namba ndogo kana kwamba imepimwa kwa mizani. Utafiti wanaoupenda, uliochapishwa 1994, ulihoji watu wazima wapatao 3,400 nchini Marekani, nao walichaguliwa vizuri. Waliojitambulisha kuwa wapenzi wa jinsia moja au zote mbili walikuwa asilimia 2.8 ya wanaume na 1.4 ya wanawake. Wengi huishia hapo kusoma. Lakini ukijumlisha na waliowahi kushiriki tendo au kukiri tamaa tu, watu hao hao wanakuwa asilimia 10 kwa wanaume na karibu 9 kwa wanawake.

Na hayo ni majibu waliyokubali kuyatoa. Mwaka 1995 vijana wa kiume Wamarekani wa miaka 15 hadi 19 waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilijaza dodoso la karatasi, mhojaji akiwa pale pale. Kundi jingine lilivaa hedifoni, sauti ikasoma maswali sikioni, kijana akabonyeza jibu kwenye kompyuta. Swali la kama amewahi kufanya ngono na mwanaume lilipata asilimia 1.5 kwenye karatasi na 5.5 kwenye kompyuta. Siwezi kuipita tofauti hii haraka. Ile karatasi nayo ilijazwa kwa siri, hakuna aliyeulizwa kwa mdomo! Ilitosha kujua kwamba kuna mtu ataishika akaisoma, na karibu robo tatu ya majibu ya ndiyo yakayeyuka.

Ndiyo maana watafiti wengine, mwaka 2013, waliacha kabisa kudai jibu. Unapewa orodha ya sentensi za kawaida, useme ni ngapi zinakuhusu, bila kutaja zipi. Kundi la pili linapewa orodha ile ile yenye sentensi moja zaidi, ile nyeti. Tofauti ya wastani ndiyo jibu, na siri ya mtu haiguswi. Wasiojihesabu kuwa wa mapenzi ya kawaida walipanda kutoka asilimia 11, walipoulizwa moja kwa moja, hadi 19 kwa njia hii. Washiriki walipatikana intaneti na hawawakilishi taifa, kwa hiyo usiibebe hiyo 19. Beba huo mpando.

Upande wa pili una hoja moja nzito. Gallup, kampuni ya kura za maoni, ilipata asilimia 3.5 ya Wamarekani wanaojitambulisha hivyo mwaka 2012 na 9.3 mwaka 2024, ikiwahesabu pia waliobadili jinsia, na kwa vijana ni zaidi ya mmoja kati ya watano. Je, si mkumbo? Huenda kwa baadhi. Vijana hubadili majina wanayojiita, na wapo wanaojaza dodoso kwa mzaha. Lakini anayesema kijana anadanganya kwa kukiri sharti akubali pia kwamba mzee anaweza kudanganya kwa kukana, na huyo mzee ndiye aliyekuwa na cha kupoteza.

Sensa ya Uingereza na Wales ya 2021 ilipata asilimia 3.2 kwa watu wa miaka 16 na zaidi. Asilimia 7.5 waliliruka swali. Fomu ilikuwa moja kwa nyumba nzima; aliyetaka kujibu peke yake aliweza kuomba ya kwake, ila kwanza alipaswa kuwaza nyumbani watamuuliza nini wakigundua.