Mombasa haikuwa nyumba ya kupangishwa

Juzi baada ya Isha, barazani Kibokoni, ami mmoja alisema Seyyid Said, mtawala wa Omani, alikuwa na haki kuitwaa Mombasa mwaka 1837, kwa kuwa ukoo wa Mazrui walikuwa maliwali tu, yaani magavana, walioiasi Omani. Nilimjibu kwa adabu, ila jawabu langu halikuisha pale.

Liwali Muhammad bin Uthman, wa ukoo wa Mazrui, aliwekwa na dola ya Yaarubi, ukoo uliotawala Omani wakati huo. Ahmed bin Said alipojitwalia Omani katika miaka ya 1740, liwali akakataa kumtii: huyu si wa ukoo ulionituma, kashika nchi kwa nguvu zake, basi nami naishika Mombasa. Akauawa. Hoja yake naiona nzito mpaka leo. Aliyeasi atamwitaje mwenzake muasi? Seyyid Said naye alikikalia kiti baada ya kumuua binamuye Badr, mwaka 1806. Na wakuu wa Mazrui, baada ya kusalimu amri, walikamatwa kwa hila, wakapelekwa Bandar Abbas wakafia huko. Mimi siwezi kuiita hiyo haki.

Ami akaniuliza: na Mazrui, nani aliwachagua? Hapo alinigusa. Walitawala kwa kusikilizana na wazee wa Thenashara Taifa, yaani makabila kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, na wazee hao walipogawanyika, baadhi yao ndio waliomwita Seyyid Said. Yaani mji ulikuwa na kauli yake, na yeyote aliyetaka kutawala alijua hivyo.

Kinachoniuma zaidi ni ya baadaye. Tarehe 14 Desemba 1895 Sultani Hamad bin Thuwaini wa Unguja aliwakabidhi Waingereza Mwambao, ukanda wa pwani wa maili kumi, kwa paundi 17,000 kwa mwaka. Bendera nyekundu ya Sultani ikabaki juu ya Ngome ya Mombasa, kodi hiyo ikenda Unguja. Oktoba 1963 Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Unguja, na Jomo Kenyatta wa Kenya wakatia saini, Mwambao ukawa wa Kenya. Kura ya maoni haikupigwa.

Ami akasema Sultani alikuwa Mwislamu mwenzetu, na makadhi wetu walihifadhiwa. Kweli, na kwa hilo nashukuru. Lakini Uislamu huohuo una bai'a: watu hutoa mkono wao kwa mtawala. Mwaka 1895 mkono wa mtu wa Kilindini, wa Changamwe, wa Jomvu, haukuombwa na yeyote.